Kutembelea Mashamba ya Mizabibu ya Milimani Salta, Argentina: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali ni yale yale kila msimu. Gari dogo litafika? Siku tatu zinatosha? Kichwa kitauma? Nikishaonja naruhusiwa kuendesha? Majibu yamepangwa hapa kwa kufuata safari yenyewe: Salta mjini, Cafayate, Molinos na kiwanda cha mvinyo cha Colomé, Cachi, kisha kurudi Salta.

Eneo lenyewe ni mabonde ya Calchaquí, kaskazini-magharibi mwa Argentina. Mizabibu mingi iko kati ya mita 1,600 na 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na shamba la Altura Máxima, mali ya Colomé, karibu na Payogasta liko mita 3,111. Kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo ni juu ya Mandara (2,720) na chini ya Horombo (3,720). Dodoma, nyumbani kwa zabibu zetu, ni kama mita 1,100 tu.

Shika hili mapema: huku safari hupangwa kwa barabara kwanza, mvinyo baadaye. Anayepanga viwanda vitano kwa siku huishia kufika kimoja akiwa amechelewa, na viwili akikuta geti limefungwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Viza. Mwenye pasipoti ya kawaida ya Tanzania au Kenya anaihitaji. Ubalozi wa Argentina uko Nairobi. Anza miezi miwili au mitatu kabla.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Wengi huifikiria wakati wa kwenda tu. Ukirudi kutoka Argentina au kupitia Brazil, utaulizwa kwenye kiwanja cha nyumbani.
- Leseni ya udereva na kibali cha kimataifa cha kuendesha.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu. Nje ya miji mtandao hukatika kwa saa nzima na zaidi.
- Peso taslimu, noti ndogondogo, za kutosha siku tatu. Vijiji vya juu vina mashine chache za kutolea pesa, na wikendi huishiwa.
- Adapta ya umeme. Soketi za huko ni za vijino bapa vilivyolala mshazari. Plagi ya Afrika Mashariki ya vijino vitatu vinene haiingii.
- Mafuta ya kujikinga na jua ya SPF 50, kofia pana, miwani ya jua, mafuta ya midomo.
- Koti zito, hata wakati wa joto. Mchana nyuzi 28, usiku nyuzi 8, siku hiyo hiyo.
- Lita tatu za maji kwa kila mtu kwa siku ya barabarani.
- Nafasi iliyothibitishwa kwa maandishi kwenye kila kiwanda kilicho nje ya Cafayate.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Aprili na Mei ndiyo miezi bora. Mvua imekwisha, mavuno yamemalizika au yanaishia, majani ya mizabibu yanageuka rangi, na wenye viwanda wana muda wa kuzungumza. Septemba hadi Novemba pia ni kipindi kizuri.

Mavuno huwa kati ya Februari na Aprili, na wengi hutaka kuyaona. Tatizo ni kwamba mvua za milimani hunyesha Desemba hadi Machi. Bondeni Cafayate panaweza kuwa pakavu kabisa huku juu kunanyesha. Saa mbili baadaye maji yanakata barabara chini ya jua kali. Ukienda Januari au Februari, baki Cafayate na uisahau Ruta 40 ya juu, barabara ya changarawe ya kwenda Molinos na Cachi.

Juni hadi Agosti ni baridi kavu: jua mchana, chini ya sifuri usiku, mizabibu mitupu. Epuka wiki ya Pasaka na likizo ya shule ya Julai, vyumba hujaa. Vivyo hivyo siku za tamasha la Serenata a Cafayate, mwezi Februari.

Hatua ya 2: Hesabu usiku, si siku

Mzunguko kamili unataka usiku tano: mmoja Salta, wa pili na wa tatu Cafayate, wa nne Molinos au Colomé, wa tano Cachi. Ongeza mmoja wa akiba Salta kabla ya ndege ya kurudi. Ukiwa na usiku tatu tu, nenda Cafayate na urudi kwa njia ile ile. Hutakosa mvinyo mzuri.

Kwa nini kuanza Cafayate na si Cachi? Mwili unapanda kidogo kidogo: Salta mita 1,150, Cafayate kama 1,680, Molinos kama 2,000, Cachi zaidi ya 2,200, na kilele cha njia cha mita 3,348 unakivuka siku ya mwisho ukiwa umeshazoea. Anayeanza na Cachi hufika kwenye kilele hicho asubuhi ya kwanza, akiwa na uchovu wa ndege.

Hatua ya 3: Fika Salta ulale

Kutoka Afrika Mashariki njia iliyozoeleka ni Addis Ababa, São Paulo, kisha Buenos Aires kwenye kiwanja cha Ezeiza. Ndege nyingi za Salta huondokea kiwanja kingine, Aeroparque, na kati ya viwili hivyo kuna jiji zima. Weka saa tano au zaidi kati ya kutua na kuruka, la sivyo lala Buenos Aires. Buenos Aires hadi Salta ni saa mbili na kidogo.

Usichukue gari usiku huo. Saa za Argentina ziko nyuma kwa sita ukilinganisha na Nairobi na Dar es Salaam. Saa mbili usiku ya huko, mwili wako unahesabu saa nane usiku.

Hatua ya 4: Chukua gari na ulikague

Gari dogo la kawaida hufika msimu wa kiangazi ukiliendesha taratibu. Lililoinuka kidogo ni bora zaidi, hasa kwa kipande cha Colomé. Magurudumu manne ya kuvuta si lazima.

Kagua haya ukiwa bado ofisini kwao:

- Tairi la akiba liwe kamili, si lile jembamba la muda, na lina upepo.
- Jeki na spana ya magurudumu zipo, na spana inaingia kwenye nati.
- Kadi ya gari na karatasi ya bima zimo ndani. Polisi watauliza vyote viwili.
- Kiasi utakacholipa mwenyewe ajali ikitokea, huko huitwa *franquicia*. Uliza kando kuhusu kupinduka, *vuelco*: mara nyingi kiasi chake ni kikubwa zaidi, na kupinduka kwenye changarawe ndiyo ajali ya wageni.
- Vioo na matairi vimo kwenye bima au la.

Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono. Mtanzania, Mkenya na Mganda wakumbuke kwamba Argentina huendesha upande wa kulia. Hatari kubwa si mjini bali unapotoka kupiga picha na kurudi kwenye barabara isiyo na mtu. Taa za mbele huwashwa hata mchana, ni sheria.

Hatua ya 5: Salta hadi Cafayate

Ruta Nacional 68, kilomita 190 hivi, lami yote. Kwa mwendo mtupu ni saa tatu, panga tano. Nusu ya pili inapita Quebrada de las Conchas, korongo la mawe mekundu. Simama Garganta del Diablo na Anfiteatro, vinafuatana. Kwenye Anfiteatro kuna ukuta wa mwamba uliojiviringisha hadi sauti inarudi safi, na mara nyingi utakuta mtu anapiga gitaa. Ondoka Salta saa tatu asubuhi na utafika Cafayate mchana, wakati maduka yamefungwa. Kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja mji umelala. Kula kabla ya saa nane au subiri hadi saa tatu usiku.

Hatua ya 6: Onja Cafayate kwa miguu

Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva ni sifuri. Sheria ya taifa ya mwaka 2023 imeweka hivyo, na Salta ilikuwa na msimamo huo tangu kabla. Hakuna "glasi moja tu".

Kwa hiyo acha gari hotelini. Nanni, El Porvenir na El Tránsito ziko mitaa michache kutoka uwanja wa kati, unatembea. Kwenda San Pedro de Yacochuya, mlimani kwenye mita 2,000 hivi, au Piattelli, chukua teksi ya kuagiza, huko huitwa *remis*, na mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda.

Viwili kwa siku vinatosha, vitatu ni mwisho. Hesabu ni hii: mmimino mmoja ni mililita 40 hadi 50. Aina tano ni robo lita, yaani theluthi ya chupa, na mvinyo wa huku huwa na asilimia 14 au zaidi. Hiyo ni karibu gramu 28 za pombe kwa kiwanda kimoja, kwenye hewa kavu inayokunyang'anya maji bila kutoka jasho la kuonekana. Tumia ndoo ya kutemea. Imewekwa mezani kwa kazi hiyo, na hakuna atakayekushangaa. Kila glasi moja, glasi moja ya maji.

Anza na Torrontés. Ni zabibu nyeupe ya Argentina, uzao wa Muscat ya Alexandria na Criolla Chica. Ipeleke puani kwanza: waridi, maganda ya chungwa, zabibu mbivu, unajiandaa kwa sukari. Ikifika ulimini ni kavu, na nyuma kuna uchungu mdogo kama wa ganda la balungi. Wageni wengi huikataa kwa sababu ya mshangao huo. Rudia mara ya pili na chakula mkononi. *Empanada* za Salta, za nyama iliyokatwa kwa kisu, viazi na yai, ndizo zinazoifaa. Ikiletwa ya uvuguvugu omba ibaridishwe: nyuzi 8 hadi 10.

Baada ya hapo Malbec, Cabernet Sauvignon, na mwisho Tannat. Ukianza na Tannat, ulimi umekwisha siku hiyo. Rangi nzito na ukakasi wa mvinyo hizi hutokana na jua la juu, ambalo huifanya zabibu ijenge ganda nene. Usiku wa baridi huitunzia uchachu. Kwa nadharia, hayo yanatosha.

Maswali mawili ya kumuuliza anayekuonjesha: shamba la mvinyo huu liko mita ngapi, na mizabibu ina umri gani? Chupa nyingi huandikwa "ya mwinuko" hata kama shamba liko pale pale bondeni.

Hatua ya 7: Ruta 40, Cafayate hadi Molinos

Hapa ndipo safari hufaulu au huharibika. Umbali ni kilomita 115 hivi, na watu huona namba hiyo wakadhani ni saa mbili. Ni nne hadi tano. Lami inakwisha baada ya San Carlos, na mbele ni changarawe, *ripio*, nyembamba, yenye kona zisizoonyesha kinachokuja.

1. Jaza tangi Cafayate. Kituo cha mafuta kinachofuata cha kutegemea ni Cachi.
2. Ondoka saa mbili asubuhi.
3. Changarawe ikianza, simama upunguze upepo wa matairi: kama yako PSI 32, shusha hadi 27 au 28. Gari linatulia na mawe makali hayatoboi kwa urahisi.
4. Mwendo ni kilomita 40 kwa saa, 50 mahali palipo wazi. Sehemu zenye mikunjo kama bati zitakushawishi ukimbize ili mtetemo upungue. Ni kweli unapungua, lakini tairi zinakuwa hewani nusu ya muda, na kona ikija gari haligeuki.
5. Gari likija mbele, punguza kabisa na ukae kulia. Jiwe moja ni kioo kizima.
6. Usifunge breki kwenye changarawe iliyorundikana. Toa mguu kwenye mafuta, shusha gia.
7. Ukikuta *badén*, mahali mto unapokatiza barabara, shuka uangalie. Maji yakiwa ya udongo na huoni chini, usivuke. Subiri, mafuriko ya huku hupanda ghafla na kushuka ndani ya saa chache.

Kabla ya Angastaco utapita Quebrada de las Flechas, ambako mabamba ya mwamba yamesimama mshazari pande zote mbili za njia. Simama mahali palipopanuka tu, kamwe si kwenye kona.

Anayetegemea basi ajue hakuna usafiri wa kuaminika unaounganisha kipande chote hiki. Basi lipo Salta–Cafayate na Salta–Cachi. Katikati utahitaji gari.

Hatua ya 8: Colomé

Kutoka Molinos ni kilomita 20 za vumbi kuelekea magharibi, dakika 45 au saa nzima. Bodega Colomé ilianzishwa mwaka 1831 na ni miongoni mwa viwanda vikongwe zaidi nchini humo vinavyofanya kazi hadi leo. Mswisi Donald Hess aliinunua mwaka 2001, na mwaka 2009 akafungua hapo hapo jumba la kazi za mwanga za msanii Mmarekani James Turrell. Jumba la sanaa katikati ya jangwa la mlima. Hata asiyejali sanaa hutoka amenyamaza.

Kosa la kawaida ni kwenda bila nafasi. Jumba lina saa maalumu, chakula cha mchana kina nafasi zake, na mlinzi wa getini hana la kukusaidia. Andika wiki tatu kabla, ukiomba vitu vitatu kwa ujumbe mmoja: kuonja, chakula, na jumba. Uliza pia hali ya barabara, kwa sababu vijito huikata. Na usidhani ukifika Colomé umefika Altura Máxima; shamba hilo liko mbali, upande wa Payogasta. Omba kuonja mvinyo wake hapo hapo.

Dereva haonji, hata kilomita 20 za vumbi ni barabara. Njia nzuri ni kulala hapo, au Molinos na kutumia gari la mwenyeji.

Hatua ya 9: Cachi na kushuka Cuesta del Obispo

Molinos hadi Cachi ni kilomita 46 za changarawe, saa moja na nusu. Jaza mafuta Cachi, rudisha upepo wa matairi, lala.

Asubuhi chukua Ruta 33. Utapita njia iliyonyooka ya Tin Tin ndani ya hifadhi ya Los Cardones, penye madungusi marefu kuliko nyumba, kisha Piedra del Molino, mita 3,348. Simama dakika kumi, usikimbie kupiga picha. Halafu unashuka Cuesta del Obispo, kona juu ya kona. Vuka kabla ya saa sita mchana, kwa sababu ukungu upande wa mashariki hujaa ghafla. Shuka kwa gia ya pili. Ukinusa breki zikiungua, simama robo saa. Cachi hadi Salta ni kilomita 160 hivi, saa nne.

Hatua ya 10: Funga chupa

Chupa moja ina kilo 1.2 hadi 1.6. Sita ni kama kilo tisa, na zote huenda kwenye begi la kukabidhi, zimezungushiwa nguo, shingo zikitazama katikati. Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri mtu mzima lita mbili za mvinyo bila ushuru, yaani chupa mbili na kidogo. Zaidi ya hapo, tangaza.

Majani ya koka huuzwa wazi Salta, na kuyatafuna au kuyanywa kama chai ni halali Argentina. Nyumbani na kwenye viwanja vya njiani ni dawa za kulevya. Usibebe hata pakiti moja ya chai. Anayepimwa mkojo kazini asiyaguse kabisa.

Mambo yakienda kombo

*Kichwa kinauma Cachi.* Maji, chakula chepesi, hakuna pombe usiku huo. Kikipungua asubuhi, endelea. Ukihema ukiwa umekaa, ukipepesuka au ukichanganyikiwa, shuka mara moja na umtafute daktari. Simu ya dharura ni 911. Mwenye shida ya moyo, mapafu au ujauzito aongee na daktari kabla ya safari.

*Tairi limepasuka.* Sogea hadi palipo tambarare, weka jiwe nyuma ya gurudumu, badilisha. Tafuta fundi wa matairi, *gomería*, mji unaofuata kabla ya kuendelea. Bila tairi la akiba usiiguse tena Ruta 40.

*Ruta 33 imefungwa ukiwa Cachi.* Uliza polisi wa njia itafunguliwa lini. Ikiwa ni kesho, subiri. Ndiyo kazi ya usiku wa akiba. Kurudi kupitia Cafayate kunawezekana, lakini ni siku nzima ngumu, na mvua iliyofunga huku huenda imekata na kule.

*Kiwanda hakijibu barua pepe.* Tuma ujumbe wa WhatsApp kwa Kihispania kifupi: tarehe, saa, watu wangapi. Hata cha kutafsiriwa na simu kinatosha.

*Mvinyo ulioupenda Cafayate hauna ladha nyumbani.* Kwanza angalia joto lake: Dar es Salaam, Malbec ya nyuzi 30 ni pombe tupu puani, iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua. Kama bado imefifia, ni mtikisiko wa safari, na chupa zilizobaki zipewe wiki mbili au tatu gizani.